Shavu la Mpigaji

Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili. Ni ile metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu. Na ni kile kipande kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Lugha haikukosea kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, kwa sababu kwa muda mrefu vilikuwa kitu kimoja katika mikono ya mtu mmoja. Mtu aliyeyusha risasi, akaimimina kwenye kalibu, akapata risasi.

Jirani yangu mmoja hapa Sinza, mzee aliyekulia vijiji vya kusini mwa Tabora, ni miongoni mwa watu wachache ninaowafahamu waliowahi kuifanya kazi hiyo. Alirithi gobore kwa baba yake, akalimiliki kwa kibali na kulitumia kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, hadi alipolisalimisha polisi. Nilimwuliza alijuaje kiasi cha baruti cha kushindilia.

"Hujui, mwalimu," alinijibu. "Unajaribu."

Kila alipopata baruti mpya hakuiamini, hata kama aliyemwuzia alikuwa yule yule. Alilifunga gobore kwenye gogo, akashindilia kipimo kidogo kuliko cha kawaida, akatia kitambaa, kisha goroli aliyoisubu mwenyewe. Akajikinga nyuma ya mti na kufyatua kwa kuvuta kamba ndefu. Baada ya hapo alikwenda kusoma matokeo: ubao umetobolewa kwa kina gani, masizi kiasi gani yamebaki mdomoni mwa mtutu, chuma kimepata ufa au hakikupata. Goroli iliyoingia hewa wakati wa kusubiwa aliirudisha motoni, kwa sababu huwa nyepesi upande mmoja na haiendi inakoelekezwa. Alirudia mara tatu au nne, ndipo akathubutu kuweka kitako begani.

Nilimwuliza kwa nini ajipe taabu yote hiyo kwa ajili ya nguruwe. Akagusa shavu lake. "Hili lilikuwa hapa," alisema, kisha akapima upana wa kiganja, "na baruti ilikuwa hapa."

Nimelitafakari jibu hilo kwa siku nyingi, na naona lina somo la utawala ndani yake. Aliyeshindilia ndiye aliyepiga. Uamuzi na hatari vilikaa katika mwili mmoja, kwa hiyo hakuhitaji mkaguzi wa kumkumbusha wajibu wake.

Utaratibu huo ulivunjwa na risasi za kiwandani. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Magumegume na baruti ya kawaida ya biashara viliweza kuendelea kuuzwa, chini ya usimamizi wa serikali za kikoloni. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo na kuteka bunduki za kisasa kwa mamia. Lakini bunduki hizo zililishwa na viwanda vya Ulaya. Mhunzi wa Uhehe aliweza kufua mkuki. Hakuweza kutengeneza ganda la risasi za Mauser. Tangu hapo aliyeshika bunduki alimtegemea aliyegawa risasi, na mgawaji angeweza kuwa mbali kabisa na mlio wake.

Umbali huo ndio unaonitia hofu. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala yalilipuka. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Katika kila tukio zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na mabomu yakaangukia nyumba za watu ambao hawakuwahi kuulizwa chochote kuhusu kilichohifadhiwa jirani nao. Shavu lililokuwa karibu na baruti lilikuwa la mama lishe, la mwanafunzi, la mpangaji wa chumba kimoja. Mashavu ya wenye kuamua yalikuwa mbali.

Jambo hilo hilo, kwa kipimo kidogo, naliona kila jioni hapa mtaani. Mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, bunduki imelala mapajani. Nilizungumza na mmoja wao. Bunduki aliikuta kazini. Risasi alikabidhiwa mbili na aliyemtangulia, naye alikabidhiwa na mwingine. Tangu aajiriwe hajawahi kuifyatua, wala hajui kama risasi hizo zilishawahi kulowana. Anabeba kitu ambacho kinaweza kukataa siku atakayokihitaji, au kumpasukia usoni, au kumpata mpita njia anayeshuka kwenye daladala.

Sitetei gobore. Limewapasukia wengi, limeua tembo, na Bunge lilifanya jambo la haki kutunga sheria ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Ninachotetea ni jaribio la yule mzee, na sababu yake. Kila bunduki ya ulinzi ifyatuliwe kwenye uwanja wa shabaha angalau mara moja kwa mwaka, kwa mkono wa mlinzi yule yule anayeibeba, na mwajiri wake akiwa amesimama pale pale. Risasi zilizozeeka zibadilishwe kwa gharama ya kampuni, si kwa kukatwa mshahara. Na katika maghala makubwa, kila rundo liwe na jina la mtu aliyelikagua na tarehe aliyolikagua. Na nyumba ya mtu huyo, ikiwezekana, iwe jirani na uzio.

Sharti hili la mwisho litaonekana kama mzaha. Nimeliandika nikiwa sina mzaha wowote.