Kutoka Nyali hadi Likoni: Safari ya Kutafuta Gari Kuukuu

Jumamosi moja, baada ya sala ya Alfajiri, tulitoka Kibokoni mimi na ami yangu, mtu aliyeshika spana kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Akiba yangu ilikuwa shilingi laki sita, nilizoziweka kidogo kidogo kwa miaka saba. Mama yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Gari haliingii katika vichochoro vya mtaa wetu, hivyo humshika mkono hadi barabarani, kisha tukangoja tuktuk au teksi. Wakati wa kwenda si tatizo. Tatizo ni kurudi usiku, miguu imemwishia nguvu, na dereva anataja bei aitakayo kwa kuwa ajua hatuna pa kwenda. Ndipo nikaazimia kununua gari, hata likiwa kuukuu.

Kituo cha kwanza kilikuwa yadi moja upande wa Nyali. Magari yalikuwa safu safu, yamesuguliwa mpaka mtu ajione uso ndani yake. Lililokuwa rahisi kuliko yote, Toyota ndogo iliyotoka Japani, liliuzwa shilingi milioni moja na laki tatu. Muuzaji alipoona nimenyamaza, akasema nitoe nusu, nyingine nilipe kwa miaka mitatu "na nyongeza kidogo". Ami akamwuliza hiyo nyongeza inaitwaje. Kijana akacheka, nasi tukamuaga. Ni kweli ziko benki zinazonunua gari kisha zikakuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, yaani murabaha, wala si riba. Lakini hata huko, malipo ya kila mwezi yangekula fedha za matibabu.

Njiani ami alinieleza kwa nini gari lililotumika Japani miaka saba linakuwa ghali hivi likishafika Kilindini. Lenye thamani ya shilingi 100 hutozwa kwanza ushuru wa forodha wa asilimia 35, likawa 135. Juu ya hiyo 135 huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500, likawa 162. Juu ya 162 huja VAT ya asilimia 16, likakaribia 188, na tozo nyingine hazijahesabiwa. Isitoshe, thamani hukadiriwa na Mamlaka ya Ushuru kwa orodha yake yenyewe, si kwa risiti ya mnunuzi. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane: mwaka 2025, kwa mfano, halikuingia lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018. Kwa hiyo mwenye akiba ndogo hawezi kuagiza kuukuu kutoka ng'ambo. Sharti atafute miongoni mwa yale yaliyokwisha kuingia zamani, na kwa kuwa wanaoyatafuta ni wengi, nayo hayashuki bei.

Tukavuka Makupa kuelekea Changamwe, barabara ile ambayo msafiri huona malori ya makontena yakifuatana kama siafu. Huko tulikuwa na miadi na dalali. Gari lake lilikuwa jeupe, limeoshwa, namba yake ikianza na KB. Dalali alimsemesha ami tu, ilhali fedha zilikuwa zangu. Ami aliweka kiganja juu ya boneti, akaniita niweke changu. Palikuwa pa moto. "Ukienda kutazama gari," akaniambia, "litake likiwa limelala. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha jinsi inavyoamka." Kisha akafungua kifuniko cha oili: ndani yake mlikuwa na utando kama maziwa, dalili kwamba maji yanachanganyika na oili. Saa ya kilomita ilisoma 68,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma. Akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, akitafuta alama za matope ya mafuriko. Hakuziona. Mwisho akainama chini ya gari, akagonga kwa bisibisi. Kutu ikamwagika mchangani.

"Hii ni kutu ya Mombasa tu, mzee," dalali akasema.

Huenda alisema kweli, kwa kuwa upepo wetu wa bahari una chumvi, na hata Japani yako majimbo ambayo barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji. Lakini kutu haiulizwi kwao ni wapi. Tukaondoka, na njia nzima nilikuwa kimya. Adhuhuri ilikaribia, nami nilianza kuona kwamba laki sita si fedha za gari bali ni fedha za kudanganyiwa.

Baada ya sala tulivuka feri hadi Likoni, kwa maalim mmoja wa madrasa ambaye ami alisikia anauza gari lake. Lilikuwa Toyota la 2006, rangi imepauka paani kwa jua. Maalim aliitikia shikamoo yangu, akatuletea maji ya madafu, kisha akanikabidhi mimi, si ami, karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Binti yangu, hizi ndizo aibu zake ninazozijua," akasema. Hula oili, karibu lita moja kila miezi miwili. Vyuma vya kushikia magurudumu ya mbele vina kutu, vyataka kubadilishwa. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Liliwahi kugongwa ubavuni mwaka 2019.

Nakiri kwamba nilipoisoma orodha ile moyo ulirudi nyuma. Gari la dalali halikuwa na orodha yoyote! Ami akanivuta kando. Akanikumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini, akamkemea mwuzaji kwa kuuficha. Akaongeza kwamba katika fiqhi mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, na hakuijua, ana hiari ya kurudisha. "Za huyu umeshazijua," akasema. "Sasa zipigie hesabu."

Tukahesabu. Maalim alitaka laki tano na sitini, tukapatana laki tano na ishirini. Elfu themanini zilizobaki ami alikataza zisiguswe ila kwa vyuma vya mbele, bima na ada za kubadili umiliki. Kabla ya kulipa tulitafuta rekodi ya gari katika mtandao wa NTSA, tukaona jina ni la Maalim peke yake, wala hakuna benki inayolidai. Tukalinganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizomo katika logibuku, mojamoja. Fedha zililipwa siku ile aliyohamisha umiliki, mbele ya mashahidi wawili.

Miezi miwili baadaye radieta ilipasuka Digo Road, mama yumo ndani. Fundi alisema ufa ulikuwa wa zamani, umezibwa kwa gundi. Ami alipompigia simu Maalim kumjulia hali, habari ikamfikia. Akasema gundi ile ni ya fundi wake, naye hakuambiwa. Jioni nikapata M-Pesa ya nusu ya gharama. Sikuwa nimemwomba. Nilitaka kumrudishia, ami akanizuia: "Mwache atoe kilicho juu yake."

Gari lingali latembea. Mama huketi mbele, kwa sababu ya ule mlango wa nyuma, na tukitoka hospitali usiku hatumngoji mtu. Karatasi ya Maalim ingali katika kisanduku cha mbele. Nimeongeza mistari miwili kwa mkono wangu, radieta na taa ya kulia, na siku nitakayoliuza nitamkabidhi mnunuzi pamoja na ufunguo.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika tunavyouza na tunavyonunua. Amin.