Altezza oto na mlima wa Mwanga

Kigoma mjini ni bondeni kando ya ziwa, reli ya kati ilikofika 1914. Kwenda Ujiji, kilometa kama 10 hivi, lazima upande Mwanga. Hapo Altezza oto ya mshkaji wangu ikagoma kuchanganya: anakanyaga mafuta, gari linawaza kwanza! Kulipita lori namna hiyo ni kuchezea roho, wajameni.

Fundi hakugusa gia boksi. Alifungua eya klina, vumbi tupu! Akasafisha na mlango wa hewa uliojaa masizi, akasema mlimani shusha gia, usiiachie D kila kitu.

Tukafika Ujiji, walikokutana Livingstone na Stanley 1871, gari likiitika papo hapo. Kabla ya kununua gia boksi, kagua pua ya gari kwanza!