Safari Yetu ya Unguja na Tuliyojifunza Huko

Mwalimu wa chuo hukabidhiwa mtoto wa watu angali mdogo, naye humrudisha kwa wazee wake akiwa amekhitimu. Kwa ajili ya amana hiyo watu humheshimu, na humdhania kuwa ajua dawa ya kila jambo: aliyepagawa huletwa kwake, waliogombana huletwa kwake, na kijana aliyeharibika huletwa kwake. Sisi tumefundisha kisiwani Pemba kwa muda wa zaidi ya miaka 25, na heshima hiyo tuliipokea bila ya kujiuliza kama twaistahiki. Khabari tunayowaletea wasomaji wetu leo ni ya safari iliyotuonyesha ulipo mpaka wa ujuzi wetu.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye jina lake hatulitaji. Alikhitimu kwetu, na sauti yake ilipendwa na wote. Alipobaleghe akaenda ng'ambo kutafuta riziki, akarudi hali ametekwa na unga. Babake alikuja kwetu usiku, analia. Tukafanya shauri: tukamfungia kijana chumbani, tukawa twamsomea na kumwonya asubuhi na jioni. Alitapika, akatetemeka, akalia maumivu ya mifupa. Tukasema yatapita, nayo yakapita. Baada ya mwezi mmoja akawa ala vizuri na asali safu ya mbele. Tukamfungulia mlango, na watu wakatupa mkono wa pongezi. Siku ya nne akakutwa ameegemea ukuta wa banda, roho imekwisha toka. Watu walisema ajali yake imefika, na hilo hatulikanushi. Walakini nyoyo zetu hazikutulia tangu siku hiyo.

Basi jamaa yetu mmoja anayesomea kazi ya ushauri nasaha kwa waraibu alipotualika twende tukatazame masomo yao, hatukusita. Tukapanda meli Mkoani, na mchana ukatukuta bandarini Malindi, Unguja. Mji ni ule ule tuujuao: wachukuzi na mikokoteni yao, harufu ya pweza na kahawa, na adhana zinazopokezana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Lakini safari hii macho yetu yalitafuta tusiyoyatafuta zamani, nayo tukayaona: vijana waliosinzia vibarazani mchana kweupe, wembamba kama kuti kavu, na wapita njia wanawaruka kama wanavyoruka dimbwi.

Unga uliingia pwani yetu katika miaka ya 1980. Njia ya bahari itokayo Asia, ambayo zamani ilituletea mazulia na tende, ndiyo hiyo hiyo iliyouleta. Kwa miaka mingi aliyetekwa hakuwa na pa kwenda ila jela, hospitali ya wagonjwa wa akili, au chumba cha kufungiwa kama kile chetu. Mwaka 2009 ilifunguliwa Unguja nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, ambayo watu huiita soba. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya muuguzi, nayo humwondolea mgonjwa arosto na kiu ya unga. Unguja nayo ikaanza kuitoa Kidongo Chekundu mwaka 2015.

Tulipelekwa kwanza kwenye nyumba moja ya soba, nje kidogo ya mji. Tulidhani tutaona makufuli. Tukaona orodha ya zamu ukutani: nani afagia, nani apika, nani aamsha wenziwe kwa sala ya alfajiri. Viatu vimepangwa mlangoni kwa safu. Kila asubuhi hukaa duara, na kila mmoja husema hali ya moyo wake bila ya kukatizwa. Mwangalizi wao alikuwa mraibu zamani. Tulipomwambia kwamba bila shaka hiyo yamtosha kuwa mshauri, alicheka, akasema, "Hapana, maalim. Kuugua maradhi si kusomea utabibu. Nilipoanza kazi nikidhani kila mtu atapona kwa njia niliyoponea mimi, na wengine nikawapoteza." Ndipo akarudi darasani.

Kazi hii kuwa na elimu yake peke yake si jambo kongwe. Katika mwaka 1954 serikali ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliweka cheo cha mshauri wa walevi katika utumishi wake, na wengi wa walioajiriwa walikuwa watu walioacha ulevi. Ikadhihirika kwamba huruma bila ya mafunzo haitoshi, na vyuo vikaanza kufundisha. Siku hizi Colombo Plan, jumuiya ya mataifa yenye makao yake Sri Lanka, ina mtaala ufundishwao katika nchi nyingi, na za Afrika Mashariki zimo. Masomo yake ya msingi ni 8: namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, hatua za tiba, maradhi ya akili yanayofuatana na uraibu, ufundi wa ushauri, upimaji wa mgonjwa na kuandika khabari zake, usimamizi wa mambo yake, kumsaidia penye hatari, na maadili ya kazi.

Tuliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa asubuhi mbili. Siku ya kwanza wanafunzi wawili walikaa mbele, mmoja akajifanya mraibu na mwenziwe mshauri. Huyu mshauri akaanza kumweleza ubaya wa unga kwa maneno fasaha, na sisi tukawa twaitikia kwa kichwa. Mwalimu akamsimamisha. "Umesema kwa dakika tano," alimwambia. "Je, umejua nini juu yake?" Kijana hakuwa na jibu. Akafundishwa kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au siyo, kisha anyamaze, kisha arejeshe aliyoyasikia ili mgonjwa ajue amesikiwa. Twakiri kwamba tulijiona sisi wenyewe pale mbele.

Siku ya pili mwalimu aliuliza, "Mraibu akikaa mwezi bila ya unga, kisha akarudia, atatumia kiasi gani?" Mmoja akajibu, "Kile kile alichokizoea." Mwalimu akasema, "Basi kile kile ndicho kitakachomuua." Akaeleza kwamba mwili uliozoea unga hustahimili kiasi kikubwa, lakini ukiachishwa ustahimilivu huo huondoka upesi, na unga una tabia ya kupunguza pumzi mpaka ikome. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya kutoka jela, hospitali au kifungoni ndizo siku za khatari kubwa. Akaeleza pia kwamba iko dawa iitwayo naloksoni, ambayo ikiwahi huweza kuirudisha pumzi.

Kalamu ilitutoka mkononi. Darasa lilipokwisha tulimfuata mwalimu yule, ambaye kwa umri ni kama mwanetu, tukamhadithia khabari ya kijana wetu yote. Hakutulaumu, wala hakutupoza kwa maneno matamu. Alinyamaza mpaka tukamaliza, kisha akauliza, "Mlipomfungulia mlango, maalim, nani alikuwa naye siku zile nne?" Hatukuwa na jibu, kwani hakuwa na mtu. Sisi tulidhani kufungua mlango ndiyo mwisho wa kazi. Kumbe ndiyo mwanzo wake.

Tulirudi melini tukizingatia jambo moja ambalo tumelisomesha miaka yote. Ulevi haukuharamishwa kwa siku moja: aya zake zilishuka kwa daraja, katika Sura za Al-Baqara, An-Nisaa, na mwisho Al-Maida. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoletewa mtu aliyerudia ulevi mara kwa mara, naye mmoja wa waliohudhuria akamlaani, alikataza asilaaniwe. Haramu ilibaki haramu, wala hatusemi vinginevyo. Lakini mwenye kuanguka hakutupwa. Mambo hayo tuliyajua kwa ulimi, tusiyatie kazini.

Enyi wazazi, mtoto wenu akitaka kusomea kazi hii msimwambie kwamba aenda kupoteza umri wake pamoja na mateja. Twafurahi mtoto akisomea udaktari wa macho au wa meno. Basi na huyu atibu yale yatakayoupoteza umri wote wa mtu. Na ninyi walimu wenzetu, dua na nasaha msiziache, lakini msiwafungie watu vyumbani. Mpelekeni mgonjwa kwa wenye ujuzi, kisha mkae naye baada ya mlango kufunguliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wetu, na atusamehe tulilolifanya kwa kutojua. Amin.