Nguo ya Tatu

Darasani kwetu kuna sharti moja: wazo lako likijadiliwa, wewe unanyamaza. Unasoma kurasa zako, unaziweka mezani, halafu wenzako kumi wanasema walichonacho, na wewe unaandika tu. Kujitetea hakuna. Mwalimu anasema mtazamaji hatakuwa na namba yako ya simu ya kukuuliza ulikuwa unamaanisha nini.

Filamu yenyewe ni ya dakika saba. Siku mbili za kupiga picha, kamera moja ya kugawana, na bajeti ambayo ukitoa nauli na chakula cha waigizaji imeshakwisha. Wazo nililopeleka lilikuwa la mama yangu. Mama alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka 2012 nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, aliuza cherehani ili niende. Habari yenyewe ni hiyo tu, ila nimetembea nayo tangu siku ile.

Katika rasimu ya kwanza cherehani inabebwa, mama analia, mtoto anakwenda shule, miaka inapita, mtoto anavaa joho. Sauti yangu inasimulia juu yake.

Wenzangu hawakuwa na haya. Mmoja alisema ni hotuba ya mahafali yenye picha. Mwingine akataka aongezwe baba mlevi aliyekula ada. Wa tatu akasema mnunuzi awe tapeli. Wa nne, shabiki mkubwa wa Bongo muvi, akashauri mama augue. Niliandika yote, mpaka baba mlevi, ingawa baba yangu alikuwa dereva wa lori na hajawahi kuonja hata bia.

Usiku nikapitia yale maandishi kwa utulivu. Dawa walizopendekeza sikuzitaka hata moja. Lakini wote wanne walikuwa wameweka dawa zao mahali pamoja: mara baada ya cherehani kuondoka. Pale kila mmoja alikuwa ameacha kujali, akatafuta mtu mbaya wa kumchangamsha. Nilijifunza kusoma maoni hivyo. Mwenzako akikwambia ongeza tapeli, tapeli mwache. Angalia ni ukurasa gani aliokuwa anausoma alipomkumbuka tapeli.

Wiki ile mwalimu alituonyesha Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963. Ni filamu ya kama dakika ishirini juu ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Inachukua siku moja tu ya maisha yake. Anabeba watu, wengine hawamlipi, anaingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni hairuhusiwi, polisi anamnyang'anya mkokoteni, anarudi nyumbani na farasi wake mikono mitupu. Sembène hakuhitaji kutuonyesha mwaka uliofuata. Ukishamjua mtu na chombo chake cha kazi, siku moja inatosha. Nikafuta joho, nikafuta miaka. Ikabaki siku ya mauzo, tangu asubuhi hadi mnunuzi anapofika saa kumi jioni.

Katika kikao cha pili, mwenzetu mmoja mdogo aliuliza: "Samahani, ada ya nini? Si sekondari ni bure?" Darasa likacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Shule za serikali ziliacha kutoza ada kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na yeye alianza sekondari baada ya hapo. Nilikuwa nategemea jambo ambalo sehemu ya watazamaji wangu hawakuliishi. Wengi walisema nirudishe sauti ya msimulizi ieleze. Dada mmoja, ambaye kabla ya kuja kusoma alikuwa anahariri video za harusi, akasema: "Weka godoro jipya, ndoo na fagio pale mlangoni. Kila mtu atajua kuna mtoto anakwenda bweni." Hapo dawa yenyewe ilikuwa sahihi. Sauti yangu haikurudi.

Swali lililonigusa zaidi lilitoka kwa kaka asiyeongea sana. Aliuliza: "Nguo za watu zilienda wapi?" Nguo zipi? "Fundi hakosi nguo za wateja. Cherehani imeondoka, za watu zilishonwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nimeisimulia habari ile kama ya ada yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za wateja. Jioni nikampigia Mama.

"Zilikuwa tatu," alisema, haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Gauni na shati nilimaliza kabla hajaja. Ya tatu ilikuwa sketi ya shule, ya mtoto wa jirani, yenye marinda. Nikaishona kwa mkono, siku mbili usiku. Nilikuwa nimeshapokea hela yake."

Nikamwomba ruhusa ya kuiweka kwenye filamu. Alinyamaza kidogo. "Iweke. Ila mwanangu, umesema kwenye hiyo filamu nalia?" Nikasema ndiyo. "Sikulia. Nilikuwa nahesabu. Yule mnunuzi alileta noti ndogondogo. Usije ukanitia machozi mbele za watu."

Mwisho wa filamu ukapatikana hapo: mnunuzi ameondoka, taa imewashwa, mwanamke ameketi na sindano na sketi ya marinda ya mtoto wa mtu mwingine. Godoro liko mlangoni. Hakuna anayesema kitu.

Darasa limegawanyika. Karibu nusu wanataka chozi moja tu, hata la upande mmoja wa uso. Wanasema mtazamaji amekaa dakika saba na anahitaji ruhusa ya kulia. Nimewasikiliza na nimeandika. Najua wanapogusa: wana hofu kwamba picha ile ya mwisho itaonekana baridi. Kwa hiyo nitaiongezea muda, nitasogeza kamera karibu na vidole, na nitaacha sauti ya uzi ukipita kwenye kitambaa isikike. Chozi sitaliweka. Kuna maoni ya wenzangu kumi, na kuna neno la mtu aliyekuwepo.

Tunaanza kupiga picha mwezi ujao. Mama ameshauliza mwigizaji ni nani, na kama anajua kushona marinda kwa mkono. Nilipomjibu hajui, akasema: "Mlete Jumamosi. Aje na sindano yake."