RAV4 ya Jamaa wa Kariakoo Yamuumbua Kisarawe!

Muuza nguo mmoja wa Mtaa wa Kongo alikuwa akitamba kijiweni: "Kwa RAV4 yangu, tope ni lami tu!"

Juzi mvua inanyesha, mama yake kaugua kijijini Kisarawe. Jamaa kakwama kabla hajafika. Bodaboda ndiyo ikamuwahisha bi mkubwa hospitali.

Fundi kuchungulia chini: hakuna propela wala difu ya nyuma. Kumbe inavuta tairi za mbele tu! RAV4 ilianza kuuzwa 1994, na si zote zinavuta tairi nne. Zinazovuta, zikiwa na tairi zenye meno, tope la kawaida zinapita. Makorongo yaachie gari lililoinuka.

Wewe ya kwako umeshaichungulia?