Kisumu, Bandari ya Ndege

Watu wengi hudhani kwamba ndege za kwanza za posta kutoka Uingereza zilitua Nairobi. Sivyo. Zilitua Kisumu, tena si juu ya nchi kavu, bali juu ya maji.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na hapo mizigo ilipakiwa katika meli za Ziwa Victoria. Basi mji ulikwisha kuzoea wageni. Lakini mwaka 1931 alikuja mgeni wa namna nyingine. Kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua toka London mpaka Mwanza, na sehemu ya kutoka Khartoum ilifanywa na ndege za majini, zenye tumbo kama la mashua. Ndege hizo hazikutaka kiwanja. Zilitaka maji mapana yaliyotulia, nayo Ghuba ya Winam ilikuwa tayari, bila mti kukatwa wala kichuguu kusawazishwa.

Mwaka 1932 safari ziliendelezwa hata Cape Town. Abiria walishuka ziwani, wakapanda ndege za magurudumu kwenda Nairobi na kusini. Hivyo Kisumu ilihitaji gati na kiwanja pia.

Nauli ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Mkulima aliziona ndege kwa macho tu. Lakini kitu kimoja kiliweza kumfikia hata karani wa mshahara mdogo, nacho ni barua. Ile iliyokaa baharini majuma kadhaa sasa ilifika kwa siku kumi hivi. Mwaka 1937 ulianza mpango wa kuchukua barua za dola ya Uingereza kwa ndege bila malipo ya ziada. Ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ziliunganisha Kisumu na Nairobi.

Baada ya vita vya 1939 hata 1945, ndege za magurudumu zilishinda, na zile za majini zikaachwa. Heshima ikahamia Nairobi. Maji ya Winam hayakupungua, wala watu wa Kisumu hawakukosa neno. Kilichobadilika ni chombo. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo kiwanja cha Kisumu kilipofanywa cha kimataifa.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji mwenye busara hajengi nyumba yake yote juu ya mgeni mmoja.