Mshambuliaji wa Timu ya Taasisi: Njia ya Ukocha Kutoka Luzira hadi Lugogo

Vijana wanaokua leo kati ya gati la Port Bell na kilima cha Luzira hutaja kikosi kizima cha Arsenal bila kusita, lakini ni wachache wanaojua kwamba ligi ya taifa ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1968, bingwa wake wa kwanza alikuwa Prisons FC, timu ya jeshi la magereza ambalo gereza lake kuu liko papo hapo Luzira. Timu hiyo, ambayo sasa inaitwa Maroons, iliutwaa tena ubingwa mwaka 1969. Vijana hawafai kulaumiwa kwa kutojua huku, kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na waliopaswa kueleza wamekuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Port Bell, bandari ndogo ya Ziwa Viktoria iliyopewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, hukumbukwa na waliokulia huko kwa harufu kuliko kwa majengo. Kiwanda cha bia cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946, hutoa harufu ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo na kukaushwa kabla ya kupikwa, harufu tamu na nzito inayofanana na ya uji uliogandia chini ya sufuria. Upepo wa ziwani unapovuma kuelekea bara, harufu hiyo huchanganyika na ile ya mukene, jina ambalo Waganda huwaita dagaa wa ziwani, wanapoanikwa juani, na anayepanda kutoka ufukweni kwenda uwanja wa magereza huwa nayo puani na nguoni mpaka kipenga cha kwanza kipulizwe. Asubuhi ilikuwa harufu ya kazi, kwa maana iliambatana na zamu za kiwandani na gatini, na jioni ikawa harufu ya mpira, kwa kuwa wale wale waliotoka zamu ndio waliosimama kando ya uwanja, wakimzomea au kumshangilia mshambuliaji ambaye kesho yake wangekutana naye akiwa amevaa sare ya askari. Ukaribu huo wa mchezaji na mtazamaji, ambao haukuhitaji tiketi wala televisheni, ndio uliolea soka la mahali hapo.

Prisons ilikuwa timu ya taasisi, yaani klabu ambayo wachezaji wake ni waajiriwa wa chombo kinachoimiliki. Klabu ya Express, iliyoanzishwa mwaka 1957, iliegemea mashabiki, lakini magereza, polisi, jeshi na halmashauri ya jiji ziliandikisha wachezaji kazini, na katika kambi za askari lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili. Utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa ambayo haijapata mbadala: mshambuliaji alipoishiwa na mbio hakufukuzwa, kwa sababu mshahara wake haukutegemea mabao, bali alibaki kazini, akakabidhiwa vijana, na polepole akawa kocha wa timu ile ile iliyomlea.

Mfano ulio wazi zaidi uko kule Lugogo, Kampala. Klabu ya KCC iliundwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya maji taka ya halmashauri ya jiji la Kampala, ikaanzia katika ligi ya wilaya, ngazi ya chini kabisa, na ikahitaji zaidi ya miaka 10 kufika kileleni, ambapo ilitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1976. Mshambuliaji wake Philip Omondi alifunga mabao 3 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978, sawa na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria, na hakuna aliyefunga zaidi yao katika mashindano ambayo Uganda ilifika fainali na kufungwa 2-0 na Ghana. Baada ya kutundika daluga, Omondi alirudi KCC akiwa kocha, akawafundisha vijana pale pale alipotokea, na alifariki mwaka 1999. Uwanja wa Lugogo sasa una jina lake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Taasisi zilibana matumizi, ajira za wachezaji zikageuka mikataba mifupi, na ukocha ukahitaji leseni za Shirikisho la Soka la Afrika, zinazopangwa kuanzia daraja D hadi Pro. Leseni ni jambo jema, lakini ada za kozi ni mzigo kwa mshambuliaji wa ligi ya chini ambaye hana mwajiri wa kumsubiri, na inakera kuona ujuzi wa miaka 15 ya uwanjani ukiishia kwenye kijiwe cha bodaboda. Maroons yenyewe ilishushwa daraja mwaka 2020 na kurejea ligi kuu mwaka 2022.

Ndani ya kuta za gereza la Luzira, wafungwa wana ligi yao yenye katiba na viongozi wa kuchaguliwa, na timu zao zina majina kama Manchester United na Liverpool. Inasikitisha kwamba hata huko, hatua chache kutoka nyumbani kwa bingwa wa 1968, majina yaliyochaguliwa ni ya Uingereza. Wachezaji wa kikosi kile walio hai ni wazee wa takriban miaka 80. Idara ya Magereza na FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ziandike majina yao, nafasi walizocheza na timu walizozifundisha baadaye, na zifanye hivyo mwaka huu.